Aliyevaa Viatu Vyangu

Sura ya Saba

Delmar hakuwa na nia mbaya. Watu wa aina yake huwa hawana nia mbaya kabisa, na ndiyo maana maneno yao huchoma kuliko ya adui. Alikuwa juu ya ngazi kwenye safu ya mwisho ya mipeasi ya hifadhi, anachuma huku anatafuna, alipomwona Maren Jorgensen anapita na redio yake ya kazi kiunoni.

"Bibi harusi! Zimebaki siku ngapi?"

"Tisa. Na wewe punguza mdomo, mapeasi hayo ni ya wageni."

"Mgeni wa kwanza ni mimi. Nimefika hapa kabla hujazaliwa." Delmar alijifuta kidevu kwa mkono wa shati. Alikuwa mhifadhi wa siku nyingi, amebakiza miezi minne astaafu, na tangu aanze kuihesabu miezi hiyo alikuwa hawezi tena kutunza la mtu. "Mwenzio kaamka na jogoo leo. Nimeiona pikapu yake alfajiri, inashika barabara ya vumbi ya kwenda Maficho."

"Umefananisha. Thayne yuko Richfield, kaenda kubadilisha matairi."

"Basi matairi ya siku hizi yanavaa kofia. Kulikuwa na mwanamke pembeni yake, kofia pana hivi, kajiinamia kama anatafuta sindano sakafuni. Nikawapungia mkono. Thayne kajifanya hanioni."

Maren alicheka kama inavyompasa mtu mzima mwenye heshima zake. Kicheko chenyewe kilimwishia kabla hajafika kwenye gari.

Kajiinamia. Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mtu asiye na la kuficha hajiinamii ndani ya gari. Na katika bonde lile lote, kama kulikuwa na wanawake kumi wanaovaa kofia pana, basi Maren alimkumbuka mmoja tu: Jolynn Peay, mwenye farasi wa kukodisha, aliyekuwa na Thayne miaka miwili mizima kabla Maren hajaingia kwenye picha. Jolynn mwenye kiuno cha nyigu. Jolynn ambaye kwenye sherehe ya kufunga msimu alimkumbatia Thayne kumpongeza kwa uchumba, akakaa kifuani pale muda wa kutosha mtu kumenya chungwa.

"Ni rafiki tu," Thayne alimwambia usiku ule.

"Sijauliza," Maren alimjibu, na ni kweli alikuwa hajauliza. Alikuwa amehesabu tu.

Aliendesha gari hadi mwisho wa barabara ya vumbi akijisemea kwamba Delmar macho yake yana mtoto wa jicho. Alipokata kona ya mwisho, pikapu ya kijani ya Thayne Lyman ilikuwa imeegeshwa pale pale chini ya jabali, na matairi yake ni yale yale yaliyochakaa.

Mwanzoni mwa njia ya kushuka korongo la Maficho kuna kisanduku cha bati juu ya nguzo. Ndani yake mna daftari na penseli iliyofungwa kwa uzi. Anayeshuka huandika jina lake, idadi ya watu alionao, saa, na anakokwenda. Akirudi huandika kwamba amerudi. Marehemu Garth Jorgensen, baba yake Maren, aliyekuwa mhifadhi wa korongo lile miaka ishirini na mbili, alikuwa akisema kwamba asiyeandika hatafutiki. Kulikagua daftari lile ilikuwa kazi ya Maren kila asubuhi, kwa hiyo hata asingetaka angelifungua.

Mwandiko aliujua kabla hajasoma. "T. Lyman. Watu 2. Saa moja kasorobo. Hadi kwenye Ngazi, kurudi leo."

Watu wawili. Jina la pili hakuliandika. Thayne alikuwa kiongozi wa wapanda makorongo, mtu wa kamba, anayewaandika hata wageni wenye majina marefu kama treni bila kuruka herufi. Na kila aliposhuka na Maren, siku zote miaka miwili hii, aliandika "Thayne na Maren", kwa herufi kubwa kama mtoto wa shule. Leo huyu wa pili alikuwa hana jina.

Halafu Maren akatazama chini.

Mchanga wa pale mwanzoni ni laini, unashika kila kitu. Nyayo za Thayne zilikuwepo, pana, ncha zimetazama nje kidogo. Kando yake zilikuwepo nyingine, ndogo, za mwanamke. Maren alichutama. Kwenye kisigino cha mguu wa kushoto palikuwa na alama tatu fupi, zimekatwa kwa kisu.

Watu wa korongo hukata alama kwenye soli zao, ili mtu akipotea, wanaomtafuta wajue wafuate nyayo zipi. Nyumbani kwao Garth alikuwa na mkato mmoja, mkewe Verla miwili, binti yao mitatu. Maren alipokuwa akinunua viatu vipya alikuwa akikata mitatu yake mwenyewe, kabla hata ya kuvijaribu. Na jozi yake ya zamani, aliyoilowesha mwezi wa nne walipovuka kijito, aliiacha nyuma ya kiti cha pikapu ya Thayne. "Viache vikauke," Thayne alimwambia, "vitakusubiri."

Kumbe havikumsubiri yeye.

Kuibiwa mwanamume ni jambo moja. Wanawake wameibiwa na wamepona. Lakini mtu akivaa kiatu chako, chenye alama uliyofundishwa na baba yako, akashuka nacho kwenye korongo lililomuua baba yako, akiwa na mchumba wako, siku tisa kabla ya harusi yako, hapo hata malaika angetafuta jiwe. Maren hakulia. Alisimama, akaivua pete ya fedha aliyovishwa na Thayne, pete ya bibi yake Thayne, ikagoma kidogo kwenye kifundo, akaivuta kwa nguvu. Akaitia ndani ya kisanduku cha bati. Kisha akachukua penseli na kwenye nafasi ya maoni, mbele ya jina la Thayne, akaandika akiikandamiza mpaka karatasi ikatoboka:

"Lyman, pete yako hii hapa. Mpe aliyevaa viatu vyangu."

Chini yake akajiandika mwenyewe. "Maren Jorgensen. Mtu 1."

Redio ilikoroma. "Maren, uko wapi?" alikuwa Delmar.

"Nashuka Maficho. Nakagua njia."

"Kuna shida?"

"Njia tu, Delmar."

"Binti, mimi mzee, mara nyingine naona vitu ambavyo..."

"Uliona vizuri," alisema Maren, akapunguza sauti ya redio.

Kulikuwa safi juu, mbingu haina hata wingu la kufutia jasho. Jabali jekundu upande wa kushoto lilikuwa tayari limeshika jua, na la kulia bado baridi kama ukuta wa ghala. Maren alishuka haraka kuliko anavyowaruhusu wageni. Kusoma nyayo alifundishwa na baba yake, na leo alitamani asingefundishwa, maana mchanga ulimwambia kila kitu.

Hapa walisimama, nyayo ndogo na kubwa zinatazamana, vidole kwa vidole. Hapa zile ndogo ziliteleza, na zile kubwa zikaruka hatua mbili kuja kudaka. Hapa walikaa juu ya jiwe moja, si mawili, moja, na mawe ya kukalia yamejaa pale. Hapa mwanamke alipumzika tena. Na hapa tena. Jolynn tangu lini akachoka, yeye anayeshinda juu ya farasi tangu asubuhi hadi jioni? Anadeka, Maren alijijibu. Anadeka ashikwe mkono. Wivu hauhitaji shahidi. Ukipewa kipande cha kitambaa, hushona gauni zima.

Akamkumbuka mama yake, na kumkumbuka kukamwongezea uchungu. Mama yake alikuwa hamtaki Thayne tangu siku ya kwanza. Sababu alizotoa ni kwamba Thayne anakunywa kahawa, inayokatazwa na kanisa lao, na kwamba kanisani anaonekana Krismasi na Pasaka tu. Sababu ya kweli kila mtu aliijua. Garth alikufa humu Maficho, mwezi wa nane, maji yalipokuja ghafla naye akashuka kuwatoa wanafunzi watatu waliokwama. Wanafunzi walitoka. Tangu siku ile, miaka kumi na miwili, Verla Jorgensen hakukanyaga tena mlango wa korongo. Maren alimwomba kila mwaka siku ya kumbukumbu: "Twende wote, mama, nitakushika." Kila mwaka jibu lilikuwa moja: "Siendi kumsalimia aliyeniibia." Na binti yake alipokuja na mtu wa kamba mlangoni, Verla alisema maneno machache. "Fungeni hiyo ndoa. Nitakuja, nitakaa kiti cha nyuma. Nitapika viazi vile ninavyopikia misiba."

Hata leo asubuhi mama mtu alikuwa mkavu vile vile. Alikuwa anakwenda kwa Dada LaRue, wa kanisani, kutia pichi kwenye chupa kutwa nzima, na alichomwambia bintiye ni kwamba viatu vyake vyeusi vya kanisani havionekani na anajua nani kaviazima. Sasa Maren atarudi kwa mama huyo bila pete. Verla hatasema "nilikuambia." Ataweka sahani ya pili mezani tu, na hiyo ndiyo itakayouma.

Alizisikia sauti kabla hajafika kwenye Ngazi.

Ngazi ni vipandio vilivyochongwa kwenye jabali na babu wa mababu zao, enzi zile waume wenye wake wawili walipokuwa wakikimbizwa na serikali na kujificha humu. Korongo lilipata jina lake hapo. Kona moja kabla ya kufika, mwamba hurudisha sauti kama kisima, na Maren alisimama amegusa ukuta kwa kiganja.

"Taratibu," alikuwa Thayne. Sauti yake ile ya chini, ile Maren aliyodhani ni ya kwake peke yake. "Nipe mguu. Hapo unauma?"

Mwanamke alisema kitu ambacho hakikusikika.

"Hatajua," alisema Thayne. "Nilikuahidi. Mpaka wewe mwenyewe utakapotaka ajue."

Maren alikata kona.

Thayne alikuwa amepiga magoti mchangani. Mguu mtupu wa mwanamke ulikuwa mapajani mwake, naye anabandika plasta kwenye kisigino kwa uangalifu wa mtu anayefunga zawadi. Kiatu cha Maren kilikuwa pembeni, kimelala ubavu. Mwanamke mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa chini ya kofia pana ya majani.

"Jolynn," Maren alisema, na sauti yake ilitoka imetulia kuliko alivyotarajia. "Hivyo viatu vina mwenyewe."

Kofia ikainuka.

"Najua vina mwenyewe," alisema Verla Jorgensen. "Na mwenyewe hajanirudishia vyangu vya kanisani."

Thayne alibaki ameshika ule mguu, hajui auweke wapi. Maren alimtazama mama yake, akaitazama kofia, ile ile ya bustanini, inayotundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, anayoiona kila siku ya Mungu.

"Mama?"

"Jolynn ndiyo nani?"

"Mama, umefikaje huku?"

"Kwa miguu. Yangu haitoshi, nimeomba na ya mtu." Verla aliuvuta mguu wake, akaufunika kwa sketi, maana hata korongoni alikuja na sketi. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu aliyelia akamaliza. "Vya kwangu vyenye alama mbili nilivichoma moto siku ya mazishi. Nilimwuliza huyu kama ana viatu vya kunitosha, akasema anavyo kwenye gari. Miguu yetu sawa, si unajua, ndiyo maana huniachii kiatu ndani ya nyumba."

"Ulisema unakwenda kwa Dada LaRue."

"Nimesema uongo. Nitatubu Jumapili."

Maren alimgeukia Thayne. "Na wewe ulisema Richfield."

"Nilisema Richfield," alikubali Thayne. Alisimama, akajipangusa magoti. Alikuwa mrefu, mwenye uso wa jua na maneno machache, na kila alipoumizwa masikio yake yaligeuka mekundu kabla ya uso. Sasa hivi yalikuwa mekundu. "Dada Jorgensen alikuja kwangu Jumanne. Aliniomba nimlete. Akaniomba nisikuambie, kwa sababu alikuwa hajui kama ataweza. Alisema akishindwa njiani, hataki umwone ameshindwa."

"Na wewe ukakubali."

"Ungekuwa wewe ungekataa?"

Hapo ndipo Maren alipogundua kwamba wivu wake haukuondoka. Ulikuwa umehama tu, kama mpangaji. Jolynn alishatoka moyoni, na mahali pake palikuwa moto vile vile.

"Miaka kumi na miwili," alimwambia mama yake. "Miaka kumi na miwili nimekuomba mimi. Mimi binti yake. Nimekuja humu peke yangu kila mwezi wa nane, naweka ua pale, narudi nyumbani, hata huniulizi nimetoka wapi. Halafu unakwenda kumgongea mlango mtu usiyemtaka hata kumpa kiti?"

"Ndiyo."

"Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu wewe ungenililia," alisema Verla. "Ungelia, nami ningeacha shughuli yangu nikubembeleze. Huyu halii. Huyu kanibebea maji, kanifunga kamba kiunoni, na kila nikisema turudi anasema sawa, halafu anakaa tu kwenye jiwe mpaka nimeghairi mwenyewe."

Thayne alitazama pembeni. Maren alitaka kucheka na kumpiga mtu kwa wakati mmoja.

"Kaa," mama yake alimwambia. "Usisimame juu ya kichwa changu kama askofu."

Maren alikaa. Verla alinyoosha kidole kwenye ukuta ulio mbele yao. Juu kabisa, mara mbili ya kimo cha mtu, ulipita mstari wa rangi ya matope, umenyooka, alama ya maji ya mwaka ule.

"Bibi yake bibi yangu, Bibi Ane, alikuwa mke wa pili," alisema Verla. "Unajua habari hizo, ziko kwenye kila kitabu cha ukoo. Mke mwenzie alikuwa na jina na jiko. Waligombania chumvi, waligombania kuni, waligombania zamu ya mume, na mwisho wakazeeka wakawa wanashonea shuka moja. Mimi nilimwonea wivu Bibi Ane tangu niolewe. Unajua kwa nini? Mwenzie alikuwa mtu. Wangu mimi ulikuwa huu." Aligonga mwamba kwa kifundo cha kidole. "Kila Jumamosi baba yako alikuwa huku. Akirudi anang'aa uso. Mimi nimepika, nimefua, nimevaa gauni zuri, uso wake unang'aa kwa ajili ya mawe. Utakwenda kupigana na nani? Utamwambia jabali mwache mume wangu? Na siku ya mwisho likamchukua kabisa."

"Mama."

"Sijamaliza. Nilitaka nimwone. Kabla sijampa na binti yangu pia, nilitaka nimwone kwa macho yangu huyo aliyenishinda."

Upepo mdogo ulipita, mchanga ukatambaa kidogo, ukatulia.

"Umemwonaje?" Maren aliuliza.

Verla aliangalia juu, mwamba ulivyopanda mwekundu mpaka kwenye uchochoro wa bluu wa mbingu.

"Mzuri," alisema. "Mshenzi, lakini mzuri."

Alivaa kiatu mwenyewe, akafunga kamba kwa nguvu, akasema sasa twendeni kabla magoti hayajakasirika. Ni wakati Maren alipomnyooshea mkono kumwinua ndipo Thayne alipouona mkono wenyewe.

"Pete iko wapi?"

Maren aliurudisha mkono nyuma, amechelewa. "Juu."

"Juu wapi?"

"Kwenye kisanduku."

Thayne alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei akaona si ya kwake. "Ulidhani nimemleta Jolynn. Humu. Kwa baba yako."

"Niliona viatu vyangu."

"Uliona viatu. Mimi umenijua miaka miwili."

"Ulinidanganya, Thayne."

"Nilikudanganya. Na kila hatua niliyokuwa nashuka ilinikera, nikasema jioni nitakuomba radhi. Lakini mimi nilisema uongo mmoja, wa siku moja, kwa sababu ya mama yako. Wewe ukavua pete bila hata swali."

"Nisamehe."

Thayne aliinama akachukua mkoba wake. "Umeandika kitu daftarini?"

Maren alijifanya anafunga kamba za viatu vyake. Masikio ya Thayne yakazidi wekundu.

Safari ya kupanda Maren hataisahau. Sheria ya kule ni kwamba mwenye mwendo wa polepole ndiye anayetangulia, wengine wamfuate kwa mwendo wake. Kwa hiyo Verla alikuwa mbele, kofia yake inapanda na kushuka, Thayne nyuma yake na kamba mkononi, na Maren mwisho kabisa, akiutazama mgongo wa mwanamume aliyekuwa wake asubuhi. Moyo ulikuwa unamtuma apite, akimbie, afike kwenye kisanduku kabla yao, aung'oe ule ukurasa autafune. Mara mbili alijaribu.

"Nitangulie nikafungue gari, lipoe?"

"Hatanguliwi mtu," alisema mama yake bila kugeuka. "Baba yako alisemaje?"

Kila walipopumzika Thayne alimpa Verla maji kwanza, kisha akampa Maren, kimya, bila kumgusa vidole. Hicho ndicho kilichomtisha. Thayne akikasirika kwa maneno, Maren alikuwa na dawa yake. Hasira hii ya kupokezana chupa hakuizoea. Alimwona mama yake anamshika Thayne bega kuvuka jiwe, akaona jinsi Thayne alivyosimama imara kama nguzo ashikwe, akaona wivu tena, safari hii kwa mama yake mzazi, kwa sababu anaruhusiwa kumshika.

Walifika juu saa tisa na nusu. Hakukuwa na mtu. Aliyeandika kushuka ndiye anayeandika kurudi, kwa hiyo Thayne alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo, akafungua kisanduku. Pete iligonga bati. Aliishika, akafungua daftari, akasoma. Maren alikuwa amesimama hatua nne nyuma yake na hakuweza kuzipunguza hata moja.

Alisoma muda mrefu kuliko maneno yenyewe. Kisha akayasoma kwa sauti.

"'Lyman, pete yako hii hapa. Mpe aliyevaa viatu vyangu.'"

"Thayne, niliandika kwa..."

"Maandishi ya daftari hayabishaniwi," alisema Thayne. "Tumefundishwa hivyo wote." Akamgeukia Verla, akavua kofia yake, akamwekea pete kiganjani. "Dada Jorgensen, nimeagizwa nikupe hii."

Verla aliiangalia. Alikuwa amechoka, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mwenye umri wake. Alifumba kiganja.

"Mnajua nimeomba nini miezi yote hii?" alisema. "Nimeomba hii pete itoke kwenye kidole chake. Askofu hajui, lakini Mungu anajua. Na leo imetoka, imekuja mkononi kwangu yenyewe. Nikiitia mfukoni nikaenda nyumbani, hakuna wa kunidai."

Maren alikuwa anamtazama Thayne, naye Thayne alikuwa anautazama mkono uliofumbwa.

"Wewe," Verla alimwambia Thayne. "Maji yakija, na kuna mtu amekwama chini. Utashuka?"

Maren alifumba macho. Alijua jibu na alijua gharama yake. Sema hapana, alimwomba kimoyomoyo. Mara hii tu, danganya.

"Nitashuka," alisema Thayne.

"Hata ukiwa na mke. Hata ukiwa na mtoto."

"Nitajifunga kamba, nitaangalia mbingu, nitafanya kila alichofundisha Garth. Lakini nitashuka, ndiyo."

"Na yeye huku juu afanye nini?"

"Atakuwa ameshika kamba," alisema Maren. Hakujua kama ni yeye aliyesema mpaka wote wawili walipomgeukia. "Mama, mimi sitakuwa nyumbani na gauni zuri. Nitakuwa nimeshika kamba."

Verla alikaa kwenye bamba la mwamba kando ya nguzo. Alivua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavipanga vizuri ncha kwa ncha, alama tatu za kisigino zikiwa zimejaa mchanga mwekundu. Akamsogezea binti yake.

"Viatu vyako," alisema. "Lete mkono."

Maren alipiga magoti. Pete iligoma kwenye kifundo kama ilivyogoma asubuhi, na Verla akaisukuma kwa kidole gumba, bila huruma, mpaka ikakaa.

"Utalionea wivu hili korongo mpaka unazeeka," alisema. "Jolynn si kitu. Jolynn ni mtu. Hili utalionea wivu kila Jumamosi. Halitakuua. Mimi halijaniua." Kisha, kwa Thayne: "Na wewe acha kuniita Dada Jorgensen. Hilo ni la kanisani, na kanisani sikuoni."

"Nikuite nani?"

"Fikiri."

Thayne alifikiri. Masikio yake yalikuwa mekundu tena, lakini kwa sababu nyingine. Alimnyooshea Maren mkono amwinue, na alipomwinua hakuuachia, wala hakusema amesamehe. Aliukamata tu, kwa nguvu, mpaka pete ikawaumiza wote wawili.

"Tuandike kurudi," alisema. "Asubuhi niliandika wawili, bila jina. Sasa tuko watatu. Mama, niandike majina?"

"Lete hapa."

Verla aliivuta penseli mpaka uzi wake ukakaza, akasimama peku kwenye mchanga wa moto. Aliandika jina la Thayne, akaandika la binti yake. Akaandika la kwake mwisho, na mbele yake akachora mikato miwili mifupi. Akafunga kisanduku, akaelekea kwenye gari bila viatu.